Ukucha Kwenye Bomba la Upepo

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kupanda gari. Niliambiwa nilisalimie. Nacheka nikiandika hivi, maana nilikuwa nimevaa shati langu la sikukuu, nikidhani nitapewa usukani nipite katikati ya mji wa Singida watu wanione. Kumbe nilipewa kipande cha nondo na kuambiwa nizunguke lori nikiyagonga matairi.

Aliyenipa nondo ile ni Mkuu wa Karakana, Mzee Njiku. Karakana yetu ilikuwa uwanja wa vumbi, banda la bati, na shimo refu la fundi kuingia chini ya gari. Mzee Njiku alikuwa mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyekua akiita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Akaniuliza:

"Kwenu ukiamka ukamkuta babu yako amekaa nje, unampita tu?"

"Hapana, mzee. Namwamkia."

"Hili hapa ni babu yako. Anza na mguu wa mbele kushoto. Ukimaliza mzunguko ndipo upande."

Utingo mmoja aliyekuwa juu ya mzigo, jina lake Saidi, akapiga kelele: "Mwamkie kwa nguvu, shemeji! Babu huyo masikio yamejaa grisi!" Karakana nzima ikaangua kicheko. Mimi nikainama, nikagonga tairi, nikasema shikamoo. Kweli nilisema! Na tangu siku hiyo sikupanda gari hata mara moja bila kulizunguka. Nayaandika haya mapema kwa sababu kuna watu waliandika kinyume chake, na majina yao nitayataja. Sifichi mtu.

Mimi shule niliishia la saba, tena la kusukumwa. Lakini gari nilifundishwa, na vijana mnaoendesha leo, mnaosubiri dashibodi iwashe taa nyekundu ndipo mshtuke, hebu nisikilizeni.

Tairi lenye upepo wa kutosha ukiligonga linajibu mlio mkavu, na nondo inaruka mkononi. Tairi legevu linasema bu, kama umepiga godoro. Kule nyuma yanakaa mawili mawili, na la ndani ndilo linalojificha, kwa hiyo unapenyeza nondo hadi ulifikie. Halafu unatazama nati, moja moja. Nati iliyolegea inatoa mchirizi wa kutu unaoteremka kwenye rimu, kama mtoto aliyelia asipangusiwe uso. Kisha unainama: kuna oili chini? Maji yanadondoka kwenye rejeta? Unafungua boneti, unachomoa kijiti cha kupimia oili, unabonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba. Unatikisa vyuma vya stelingi kuona kama vinacheza. Mwenzako anawasha taa, wewe unasimama nyuma ukipaza sauti: kulia ipo, kushoto ipo, breki ipo.

Mwisho ndio upepo, na hapa tulieni. Breki ya lori haibanwi na nguvu za mguu wako. Injini inajaza upepo kwenye mtungi. Ukikanyaga pedali, upepo unakimbia kwenye mabomba hadi kwenye kikombe cha chuma kilicho nyuma ya tairi, sisi tunakiita busta, na hicho ndicho kinachobana breki. Kwenye malori yale ya zamani, upepo ukikwisha, breki huna. Kwa hiyo unazima injini, utingo anakanyaga pedali, na wewe unatambaa kutoka tairi hadi tairi umetega sikio. Ukisikia sss, kuna mahali panavuja. Hujaridhika? Unachukua povu la sabuni, unapaka kwenye maungio ya bomba. Povu likichemka, hapo ndipo penye tundu.

"Na ukilikuta tundu?" Mzee Njiku alizoea kuniuliza.

"Gari halitoki, mzee."

"Hata kama tajiri mwenyewe amekaa ndani?"

"Namshusha, mzee."

"Ee! Sasa umeanza kuwa dereva."

Nilipenda kazi ile, jamani! Asubuhi baridi ya Singida inakata masikio, injini inanguruma, geji ya upepo inapanda polepole, Saidi anakanyaga pedali huku akinitania kutoka kebini, "Nondo, babu anasemaje? Amelala vizuri?" Jina la Nondo yeye ndiye alinibatiza. Petro la kanisani likabaki kwa mama yangu.

Nilipopata leseni ya magari makubwa nilipelekwa kituo cha kampuni yetu kule Itigi. Huko vichaka vimesongamana hadi ng'ombe akiingia hutamwona mgongo, na asali inatoka humo kwa madumu. Tulibeba asali na nta kuleta Singida, tukarudi na bidhaa za dukani. Mkuu wa Kituo, mama mmoja mnene mwenye huruma, hakujua gari, lakini alijua watu. Alisema, "Petro, wewe zunguka utakavyo. Treni yenyewe haiondoki hapa stesheni mpaka mtu aigonge magurudumu, sembuse lori." Nilifurahi mno! Nilikuwa nimewaona wale wa reli wakitembea kando ya mabehewa na nyundo zao ndefu, wakigonga na kusikiliza. Nikajiona nami ni wa kabila lao.

Itigi ndiko nilikomkuta Fundi Yona Sungita, na huyu mwekeeni alama. Alikuwa fundi mwepesi, mikono kama ya mshona viatu. Spea kule zilikuwa za kusubiri, naye hakupenda kusubiri. Tangi la dizeli likitoboka, wengine walisugua sabuni ya mche kwenye ufa. Yona alikanda nta ya nyuki pamoja na nyuzi za katani, akaibandika juu, akaifunga kwa kipande cha tyubu. Gari likafika Singida bila kudondosha tone. Tukamwita Daktari Nta. Alipenda jina hilo, alikuwa akijipiga kifua: "Leteni wagonjwa!" Kwenye tangi, sawa. Tangi likidondosha dizeli unaishiwa mafuta, unalala porini, umekwisha. Hakuna anayezikwa.

Baadaye nikarudishwa Singida nikapewa lori langu, na Saidi akawa utingo wangu. Mzee Njiku alikuwa amekwisha kustaafu. Nafasi yake haikujazwa. Aliletwa Meneja wa Usafirishaji, Gidioni Mpondo. Jina la pili la kuwekea alama. Huyu alikuwa na viatu vinavyong'aa kwenye uwanja ule wa vumbi, na saa aliyokuwa akiitazama kama mtu anayedaiwa na jua. Kila asubuhi alinikuta nimelala chini ya gari.

"Nondo! Unaendesha lori au unalioa?"

"Nalikagua, bosi."

"Kagua njiani."

"Njiani nitalikagua nikiwa wapi, bosi? Kwenye mteremko?"

Saidi alicheka mpaka akaangusha turubali. Mpondo hakucheka. Mwezi huohuo akamhamisha Yona kutoka Itigi akamleta kwetu, maana alitaka fundi ambaye kwake gari halisimami.

Sasa naingia kwenye siku yenyewe. Jana yake, katika kuzunguka, nilisikia sss kwenye busta ya nyuma kushoto. Nikapaka povu, likachemka kama uji. Nikaenda kwa Mpondo nikamwambia gari halitoki. Alivuta midomo, akamwita Yona, akasema, "Badilisha hilo bomba." Nilimsikia kwa masikio yangu. Nikaenda nyumbani Unyambwa nimetulia.

Asubuhi nikakuta lori limepakiwa vitunguu hadi juu. Vilikuwa vya Mama Zuhura, mfanyabiashara ambaye watu wote wa soko la vitunguu wanamjua kwa sauti yake. Alikuwa akivipeleka Nzega, na alitaka kukaa nasi kebini avilinde. Nikamuuliza Yona, "Bomba?"

"Jipya, kaka. Kasikilize mwenyewe."

Nikasikiliza. Nilizunguka lote, nondo mkononi. Matairi yote yalijibu. Nati zote kavu. Nikafika kule nyuma kushoto, nikalala chini, Saidi akakanyaga pedali. Kimya! Nikamwambia akanyage tena, ashikilie. Kimya. Nikapaka povu. Povu likatulia kama maziwa kwenye kibuyu. Pua yangu ilinusa asali, ndiyo, lakini lori lile lilikuwa limebeba asali wiki nzima. Hata kofia ya Saidi ilinuka asali. Maungio yalikuwa yamepakwa oili nyeusi, kama fundi yeyote anavyochafua. Nikatoka chini, nikajipangusa vumbi, nikasema, "Babu yuko salama."

"Basi tuondoke," Mama Zuhura akasema, "vitunguu vyangu vitaota majani mkiendelea kuamkiana!"

Safari ilikuwa ya raha, sidanganyi. Alizeti zimechanua pande zote za barabara, Mama Zuhura anamsimanga Saidi kwa kutooa tena, Saidi anamwambia anamsubiri yeye. Tukafika Sekenke. Mteremko ule mnaujua: mlima unaisha ghafla, barabara inajikunja, na bonde liko chini huko. Nikaweka gia ndogo. Kona ya kwanza breki ilishika vizuri. Ya pili ikashika. Tukipita ya tatu, mguu ukaniambia kitu kabla macho hayajaona. Pedali ilikuwa nyepesi. Nikatazama geji ya upepo. Mshale unashuka. Kila nikikanyaga, mshale unashuka, na kule nyuma kushoto nikasikia ile sauti niliyoitafuta asubuhi nikaikosa. Safari hii haikuwa sss. Ilikuwa inapiga mluzi.

"Saidi! Upepo!"

Hakuuliza. Utingo wa zamani ana kazi moja ambayo nyinyi vijana hamjaiona: gari likikataa kusimama mlimani, anaruka na gema, yaani kabari kubwa ya mti, analiwahi tairi la nyuma na kulitupia chini yake. Saidi alifungua mlango akaruka na gema lake. Nilimwona kwenye kioo, anakimbia sambamba na sisi, anainama. Gema likaingia! Lori likatingishika, likapunguza mwendo, na kupungua huko ndiko kulikonipa nafasi ya kulielekeza kwenye ukuta wa mlima badala ya bondeni. Lakini lilipogonga ukuta lilijipinda, likalala upande uleule aliokuwapo Saidi.

Mama Zuhura aliteguka bega. Mimi mguu wa kulia ulisagika. Saidi hakutoka.

Mpondo alikuja kuniona hospitalini na machungwa. Akasema pole sana, akanishika mkono. Alipotoka hapo akaenda kuandika kwamba ajali imetokana na uzembe: dereva hakukagua gari. Mimi! Mtu aliyenisimanga kila asubuhi kwamba naoa gari, ndiye aliyeandika kwamba sikulikagua. Nilisomewa maneno hayo nikiwa kitandani, nikacheka kama kichaa, mpaka nesi akaja mbio.

Kesho yake akaja Mama Zuhura, mkono umefungwa shingoni, anahema. Alikuwa amerudi mlimani kuokota vitunguu vyake.

"Baba, niambie," akasema, hata salamu hakutoa. "Nyuki wanatafuta nini kwenye breki?"

"Nyuki gani, mama?"

"Lori zima lina vitunguu. Nyuki hawapendi vitunguu. Lakini tairi ya nyuma kushoto, pale kwenye kikombe, wamejaa kama wamealikwa harusini. Nikawafukuza na upande wa kanga. Tazama."

Akafungua fundo la kanga yake. Ndani yake kulikuwa na nta iliyoyeyuka ikaganda tena, imeshika nyuzi za katani na kipande cha tyubu. Nilikaa kitandani wima, mguu na maumivu yake nikavisahau. Hakukuwa na bomba jipya! Yona alikuwa amemtibu mgonjwa wake kama alivyotibu matangi ya Itigi. Nta ikaziba tundu, ikanyamazisha mlio, ikalidanganya povu, oili ikaficha rangi yake. Ikashika vizuri kabisa karakanani kwenye baridi. Mlimani, drumu za breki zikawaka moto, na nta ni nta.

Ndipo Mama Zuhura akakumbuka. Alfajiri ile akisimamia upakiaji, alimsikia Mpondo akimuuliza Yona, "Kile kisauti chake kimekwisha?" Na Yona akajibu, "Kimekwisha, bosi. Nondo hatakisikia." Yeye akadhani wanaongelea honi.

Niliyasema hayo kila mahali palipokuwa na sikio. Lakini lori lilipovutwa hadi karakanani na kukaguliwa, busta ile ilikwisha kuondolewa, na mbele ya wachunguzi nta ndani ya kanga ilikuwa kichekesho. "Nyuki, bwana Petro?" Wakatazamana. Kazi nikaipoteza. Yona akatoweka Singida. Mpondo akahama na viatu vyake, akapata umeneja kwingine. Ndugu wa Saidi walinisalimia msibani bila kunitazama usoni, kwa sababu nao waliambiwa sikukagua.

Hilo ndilo lililonikaa kooni miaka yote hii. Mguu nimeuzoea. Kazi, basi. Nililima alizeti Unyambwa, nikafuga kuku, nikaishi. Sijafikia umri wa kuitwa mzee. Mguu ndio ulionizeesha. Nilitaka mtu mmoja tu, asiye mimi wala Mama Zuhura, aseme maneno mawili: Petro alikagua.

Sasa sikieni! Juzi nilikwenda Kiomboi kuangalia mguu hospitalini. Nikarudi stendi, nikapanda basi la Singida, nikakaa dirishani. Dereva ni kijana, nywele zimechongwa kwa mtindo, simu mbili. Nikajisemea, huyu atawasha aondoke tu. Kumbe alishuka. Akazunguka basi! Akagonga matairi. Akainama kwenye nati. Kondakta akakanyaga pedali, kijana akatega sikio. Abiria wakaanza kunung'unika, mimi moyo unanidunda kwa furaha. Halafu akafanya jambo ambalo lilinitoa kwenye kiti. Akaupeleka ukucha wa kidole gumba kwenye maungio ya bomba la upepo, akakwangua. Akatazama ukucha. Akaenda kwenye tairi lingine, akakwangua tena.

Mzee Njiku hakunifundisha hilo. Hakuna anayefundisha hilo. Kukwangua pale atajua mtu aliyeangushwa na nta, au mtu aliyeiweka.

Nikashuka na fimbo yangu, nikimkaribia akaniamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kijana wangu, hapo kwenye bomba unakwangua nini?"

"Naangalia kama kuna nta, mzee," akasema, kama jambo la kawaida tu. "Wengine wanaziba kwa nta. Unaweza kusikiliza, ukapaka na povu, usijue. Ukucha ndio unaoijua."

"Nani alikufundisha?"

"Fundi Yona. Ana gereji hapahapa Kiomboi, nyuma ya soko. Dereva hampitishi mpaka akwangue mbele yake. Mkali huyo!"

Nikaegemea fimbo. "Na yeye alijuaje mambo ya nta?"

"Anasema zamani lori lilianguka Sekenke kwa ajili hiyo, akafa mtu. Anasema dereva wake wala hakuwa na kosa. Alikagua kila kitu, mzee. Kila kitu. Anasema hajaona dereva anayekagua kama yule."

Nilisimama pale stendi, watu wananipita na mizigo, na mimi nalia na kucheka kwa pamoja. Kijana akashtuka, akaniuliza kama mguu unauma. Alikagua! Yamesemwa, tena na mdomo wa Yona Sungita mwenyewe. Anayasema kila siku, nyuma ya soko, kwa vijana wasionijua! Nilitamani kumkumbatia, na nilitamani kwenda na fimbo hii nimvunje nayo.

"Amekwambia nta ile iliwekwa na nani?" nikamuuliza.

Kijana akafikiri. "Hapo huwa hafiki, mzee. Anageuka kutafuta spana."

"Basi ukirudi mwambie Nondo anamsalimia. Mwambie Nondo amesikia ile nusu ya kwanza, na anashukuru. Anasubiri nusu iliyobaki. Aisemee nyumbani kwa kina Saidi, si gerejini."

"Nondo ndiye nani, mzee?"

Abiria mmoja akatoa kichwa dirishani. "Mzee, panda twende! Jua linazama!"

Sijastaafu kwa sherehe wala kwa saa ya ukutani. Nimestaafu kwa mguu. Nyinyi mnaoshika usukani leo, majina nimewapa: Gidioni Mpondo aliyetaka kisauti kikwishe, na Yona Sungita aliyekiziba. La tatu ni Saidi, aliyeruka na gema. Hilo nalo mlitaje, kila mnapokanyaga pedali kwenye mteremko ikashika.

Nikamgeukia yule abiria. "Subirini kidogo," nikasema. Nikaenda mbele kushoto, nikainua fimbo, nikaligonga tairi. Likajibu mlio mkavu, fimbo ikaruka mkononi.

"Shikamoo, babu," nikasema. Ndipo nikapanda.